Bembea za Sanya Juu na hesabu ya siku thelathini

Siku ya pili ya Krismasi, kiwanja kilicho jirani na soko la Sanya Juu, mkoani Kilimanjaro, kilikuwa na foleni mbili. Moja ya chipsi. Nyingine, ndefu zaidi, ya bembea: viti 16 vya chuma vinavyoning'inia kwa minyororo, vimepakwa bluu juu ya wekundu wa mwaka juzi, na jenereta inakohoa nyuma ya turubai. Mkata tiketi alishika bunda la vikaratasi vilivyogongwa muhuri. Kijana wa mtambo alikuwa na spana mfuko wa nyuma. Raundi moja, buku. Watoto wa hapa walipanda kimya, wameng'ang'ania minyororo kwa mikono miwili. Watoto waliokuja kutoka Dar es Salaam kula ndafu kwa babu walikuwa wanauliza kama hakuna bembea kubwa kuliko hiyo.

Swali lao ni la kibiashara kuliko wanavyojua. Hapa tuna mteremko wa bure, lami inayopanda kutoka Boma Ng'ombe, na Desemba inayorudisha maelfu ya Wachagga nyumbani wakiwa na fedha za kutumia. Hata hivyo bembea huja Sanya Juu juu ya lori na huondoka juu ya lori. Kwa nini haibaki?

Nauliza nikiwa na maslahi. Nina ugonjwa wa mitambo hii tangu utotoni, hasa ile treni ya mteremko inayoitwa rola kosta, inayopandishwa juu kwa mnyororo kisha ikaachiwa ishuke kwa uzito wake yenyewe. Duniani tuko wengi. Marekani wagonjwa wenzangu walianzisha chama chao mwaka 1978, na wapo wanaohesabu treni walizopanda kama mfugaji anavyohesabu ng'ombe. Hesabu yangu ni ndogo, ila imenifundisha kitu kimoja: anayejenga kiwanja cha burudani ananunua chuma mara moja, halafu maisha yake yote yanategemea kalenda.

Siku 30 zinazolisha 365

Tuchukue bembea ile ya viti 16 tupige hesabu ya mfano. Kupandisha watoto, kuzungusha na kushusha, raundi nane kwa saa ni mwendo mzuri. Kukiwa na foleni, hizo ni tiketi 128 kwa saa. Lakini foleni haidumu kutwa, kwa hiyo tuseme viti vinajaa nusu: tiketi 64, yaani shilingi 64,000. Kwa saa sita ni 384,000. Ukimwonyesha mtu namba hiyo jioni ya Krismasi, kesho yake ataulizia bembea zinauzwa wapi.

Ngoja kwanza. Siku za namna hiyo ni ngapi kwa mwaka? Krismasi na Mwaka Mpya, Pasaka, Idd mbili, Nane Nane kwenye viwanja vya Themi kule Arusha, na Jumapili chache za bahati. Tukikusanya kwa ukarimu tunapata siku 30. Mapato ya mwaka yanakuwa shilingi milioni 11 na laki tano, ambayo ukiigawa kwa siku zote 365 ni kama 31,500 kwa siku. Humo hujatoa dizeli, lori, kodi ya kiwanja, ushuru wa halmashauri, mlinzi wa usiku, mkata tiketi na kijana wa spana.

Kalenda yenyewe nayo ina hila. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza kiwanja tope. Juni na Julai ukungu wa mlima hushuka Sanya Juu, na mama hamtoi mtoto nje bila sweta. Idd el-Fitri hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka: 2024 iliangukia Aprili na 2025 mwisho wa Machi, yaani mdomoni mwa mvua, lakini kufikia 2030 itakuwa Februari, jua likiwaka. Mwenye bembea mwenye akili huandama sikukuu kwa lori kama nyuki anavyoandama maua. Mtambo uliofungwa kwa zege hauwezi kuhama, na ndiyo maana wachache wamethubutu.

Waliomwaga zege

Dar es Salaam, Kunduchi Wet 'n' Wild ilichagua maji. Uamuzi huo ni wa kiuchumi kabla ya kuwa wa burudani. Mteremko wa maji hauhitaji treni wala mnyororo. Pampu inapandisha maji, mtoto anapanda ngazi kwa miguu yake, na joto la pwani linamleta mteja karibu miezi yote. Kigamboni nako Fun City imechanganya maji na mitambo ya kuzunguka. Atakayenakili mfano huo Sanya Juu bila kubadilisha kitu atakuta Julai maji yake yanafaa kupozea bia tu.

Zanzibar ilikwenda njia nyingine. Sikukuu ya Idd kule ni ya watoto tangu zamani: nguo mpya, fedha za mkono wa Idd, na viwanja vinavyofurika usiku. Soko lilikuwepo kabla ya mtambo. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, uliwekeza katika viwanja vya kufurahishia watoto, Kariakoo ya Unguja na Tibirinzi kule Pemba. Fedha za pensheni kuingia kwenye bembea si mzaha. Mwekezaji wa aina hiyo anaweza kungoja miaka, na anajua mkono wa Idd utakuja kila mwaka, hata kama mwezi wake unahama.

Nairobi iliegemeza burudani kwenye maduka. Two Rivers, jengo la biashara lililofunguliwa mwaka 2017 barabara ya Limuru, liliweka gurudumu kubwa na mitambo mingine ndani ya eneo lake. Hapo bembea haibebi gharama zote peke yake. Maegesho, ulinzi, vyoo na chakula vimeshalipiwa na biashara nyingine, na Jumanne isiyo na wateja wa gurudumu bado ina wateja wa supamaketi.

Kiwanja kinachosimama peke yake ndicho kinachoteseka. Ratanga Junction ya Cape Town ilifunguliwa mwaka 1998 ikiwa na rola kosta iliyoitwa Cobra, ikafungwa 2018. Ardhi chini ya reli ilikuwa imeshakuwa na thamani kubwa kwa majengo kuliko kwa vicheko. Gold Reef City ya Johannesburg imedumu tangu miaka ya 1980. Imejengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, ina kasino pembeni, na wanafunzi huletwa kujifunza historia ya uchimbaji siku ambazo wapenda kasi wako kazini. Nilipanda Anaconda yao, ambayo abiria ananing'inia chini ya reli miguu ikipepea. Kilichonishangaza zaidi ni mabasi ya shule niliyoyakuta nje, tena siku ya Jumatano.

Kasi na foleni

Kule Abu Dhabi nimepanda Formula Rossa ya Ferrari World. Ilipofunguliwa mwaka 2010 ilikuwa rola kosta yenye kasi kuliko zote duniani: inafika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi, na unavalishwa miwani ili mchanga na wadudu wasikuharibu macho. Nilipiga kelele "mama yangu!" Tuliporudi kituoni, binti aliyekuwa akifungua mikanda alinipa pole kwa Kiswahili cha Mombasa. Vijana wa Afrika Mashariki ni wengi katika kazi za huduma za Ghuba. Ujuzi wa kuendesha viwanja hivi tunao tayari. Umeajiriwa nje tu.

Hata hivyo siamini kwamba kasi ndiyo bidhaa. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson aliweka treni yake ya mteremko Coney Island, New York, akatoza senti tano. Ilikwenda kama kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao baiskeli inayoteremka kutoka Sanya Juu kwenda Boma Ng'ombe inaupita bila kupiga pedeli. Watu walipanga foleni vilevile. Walichonunua ni kuogopa pamoja, wakishuka wakacheka pamoja.

Ndiyo maana mimi hukagua kiwanja kwa foleni yake kwanza, reli baadaye. Mtambo wa mabilioni unaopakia abiria polepole siku ya sikukuu unapoteza fedha kuliko bembea ya buku yenye kijana mwepesi wa kufunga mikanda. Tiketi nayo ina siasa yake. Disneyland, iliyofunguliwa 1955, iliuza vitabu vya tiketi za mtambo mmoja mmoja, ikaviacha kabisa mwaka 1982 na kubaki na bei moja ya getini. Kwa mifuko yetu, naona tiketi ya raundi bado ina nafasi: mama mwenye watoto wanne na shilingi 6,000 anaweza kupanga nani apande mara ngapi. Bei ya getini ingemgeuza aliyekuja kuwa aliyebaki nje.

Cheti na msumari

Biashara hii ina deni moja ambalo halilipiki kwa faida. Oktoba mosi 2008, siku ya Idd el-Fitri, watoto 20 walipoteza maisha katika disko la watoto mjini Tabora, ukumbi ukiwa umejaa kupita kiasi. Hapakuwa na mtambo wowote mle ndani. Watoto walikuwa wengi na hewa haikutosha. Tangu hapo, mzazi Mtanzania anayesikia burudani ya watoto ya sikukuu ana haki ya kuuliza mlango uko wapi na mwisho ni watu wangapi.

Kwa upande wa mitambo tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA. Lakini mtambo unaolala Hai leo na Karatu wiki ijayo ni mgumu kukaguliwa, na kila unapofunguliwa na kufungwa upya, nati zinachoka. Rai yangu ni nyepesi: cheti cha ukaguzi kibandikwe kwenye dirisha la tiketi, kiwe na tarehe na idadi ya juu ya abiria, kwa herufi ambazo bibi anaweza kusoma bila miwani. Halmashauri inayokusanya ushuru wa kiwanja isipokee hata senti kabla haijakiona. Mwenye bembea mzuri atafaidika, kwa sababu leo anashindana kwa bei ileile na mwenye bembea mbovu.

Mlima unaopita dirishani

Wageni wanaopanda Kilimanjaro, kwa mwaka takribani 50,000, hutumia njia kadhaa. Wanaokwenda Lemosho kupitia geti la Londorossi hupita Sanya Juu. Magari yao yananunua maji, pengine ndizi, kisha yanaondoka. Mwaka 2019 serikali ilipotangaza kufikiria kujenga gari la kamba mlimani, waongozaji na wapagazi walipinga. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Mgeni wa siku saba hulisha wapishi, waongozaji na wapagazi. Mgeni wa nusu siku hulisha injini.

Kwa hiyo simwombei mtu yeyote rola kosta juu ya Kibo. Naangalia chini zaidi. Chemka, kwenye chemchemi za Kikuletwa wilayani Hai, kamba iliyofungwa mtini inawarusha wageni na wenyeji majini, na watu hulipa kuingia. Manyara, daraja la kutembelea juu ya miti lenye urefu wa mita 370 linauza woga mdogo bila kelele ya injini. Huko Alps kuna treni ndogo za mteremko zinazofuata ardhi yenyewe, kila abiria ameshika breki yake. Mitaji ya miradi hii inatofautiana sana, lakini kote kuna mafunzo mawili: tumia ardhi iliyopo, na tafuta mteja wa Jumanne. Kwa Sanya Juu mteja huyo ni mwanafunzi wa ziara ya masomo na mgeni aliyeshuka Lemosho ambaye bado ana siku moja kabla ya ndege yake pale KIA. Sikukuu ziwe faida juu yake.

Mpaka hapo, tunayo bembea ya lori. Siku ile ya pili ya Krismasi, kabla sijapanda, nilitazama viungo vya minyororo kama ilivyo desturi yangu. Viti 15 vilikuwa na pini. Cha 16 kilikuwa kimeshikiliwa na msumari uliokunjwa. Nilimwonyesha kijana wa spana. Hakubisha, alichukua kamba ya manila, akakifunga kiti kile kwenye mhimili ili mtu asikalie, akarudi kuwasha jenereta. Kwa foleni iliyokuwepo, kiti kimoja ni shilingi 8,000 kwa saa, 48,000 hadi jioni, kwa kukosa pini ambayo duka la vipuri vya pikipiki halikosi. Bembea ikaanza kuzunguka, kiti kitupu kikiruka na wenzake, na mtoto mmoja wa Dar akauliza kile kimefanya nini mpaka kimefungwa.