Kitabu bila historia yake ni nusu ya kitabu

Hapa Lac Vert, wakati Exetat inakaribia, mafinalisti wengi wanakariri majina ya waandikaji na tarehe za vitabu. Lakini unaweza kuelewa kitabu bila kujua kilitoka katika maisha gani?

Tutwae mfano wa inchi yetu. Mwaka wa 1965, kule Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, André Yav aliandika maandiko katika Kiswahili cha pale, kwa ajili ya chama cha watu waliofanya kazi nyumbani kwa Wazungu. Kichwa ni cha Kifaransa na kinaanza na neno « Vocabulaire ». Mtu akiona kichwa tu, atafikiri ni kamusi. Kumbe ndani ni historia ya mji, namna maboyi wenyewe waliiona.

Ukiyasoma hivi hivi, utasema Kiswahili chake kimejaa makosa. Lakini Yav hakuwa anatafuta pointi za mwalimu. Aliandika vile watu walisema. Profesa Johannes Fabian, aliyeyachapisha mwaka wa 1990, alisaidiwa na Mkongomani Kalundi Mango, aliyeyasoma kwa sauti. Ni pale maana ilifunguka.

Na neno « boyi »? Kwa Kiingereza ni mtoto mwanaume. Wakoloni waliita hivyo hata baba mwenye mvi. Ukijua hilo, unaelewa sababu gani watu hao walitaka kujiandikia historia yao, miaka 5 tu kisha uhuru, na vita ya Katanga kujitenga (1960-1963) ikiwa ingali katika kumbukumbu.

Jambo hili linatugusa sisi pia. Tarehe 3 Mei 2024, mabomu yaliangukia kambi za wahamaji za Lac Vert na Mugunga. Mtoto wa pale akiandika leo shairi juu ya hema, msomaji wa mwaka wa 2080 anaweza kuwaza watalii wanaopumzika. Nani atamueleza?

Basi, ndugu mwanafunzi, ukifungua kitabu uliza mambo matatu: wakati kiliandikwa, inchi ilikuwa namna gani? Mwandikaji alisema na nani? Na nani ndani yake hakupewa neno? Majibu mengine hayako kwenye kaye. Uende kwa mzee wa avenyu yenu, ukae, umusikilize, na uandike, maana mzee naye hatabaki siku zote.