Mtoto aliyekosa, nani atampokea nyumbani?



Miaka kadhaa iliyopita, baada ya ibada hapa Makobola, mfanyakazi wa kijamii alikuja kutuona. Kijana wa miaka 15 alikuwa amekamatwa na wavu wa wavuvi usio wake. Yule mama hakuomba franka. Aliuliza tu: kuna jamaa moja kanisani inayoweza kumpokea kijana huyu wakati hakimu anachunguza neno lake? Tuliangaliana. Hakuna aliyeinua mkono, hata sisi wachungaji. Usiku ule kijana alilala kasho pamoja na watu wazima.

Hatukujua kwamba swali lile linatoka ndani ya sheria ya inchi yetu. Ndiyo maana tunaeleza hapa yale tuliyojifunza baadaye.

Sheria inasema nini

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda mtoto katika Kongo, na mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Ilichukua nafasi ya amri ya mwaka 1950, ya wakati wa Wabelgiji. Inataka kila teritware na kila mji uwe na mahakama ya watoto, ile tunayoiita tribinali ya watoto. Kesi zake husikilizwa mlango ukiwa umefungwa, ili jina la mtoto lisizunguke sokoni.

Mtoto ambaye hajafika miaka 14 hahukumiwi kwa kosa. Hakimu humwachilia na kumkabidhi kwa mfanyakazi wa kijamii ili amfuate kwa karibu. Kwa mwenye miaka 14 mpaka kabla ya 18, hakimu hutafuta kwanza kujua maisha yake: anaishi na nani, anasoma, anakula nini, nani anamtuma. Kisha anaweza kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi, akiwaagiza wamchunge vizuri zaidi. Anaweza pia kumweka kwa bwana na bibi wenye mwenendo mwema, au kwa mtu mmoja anayeaminika. Uamuzi huo unaweza kubadilishwa hali ya mtoto ikibadilika.

Na kifungo je? Mapatano ya kimataifa juu ya haki za mtoto, ambayo Kongo iliyakubali mwaka 1990, yanasema kumfunga mtoto kuwe njia ya mwisho, kwa muda mfupi kabisa, na asichanganywe na watu wazima.

Kwa hiyo uangalizi wa mtoto unasimama juu ya watu watatu: hakimu anayeamua, mfanyakazi wa kijamii anayetembelea, na jamaa inayopokea. Wawili wa kwanza serikali inaweza kuwaandika kazi. Wa tatu haandikwi kazi na mtu. Nyumba za serikali za kulelea watoto hawa ni chache. Jamaa ikikosekana, sheria nzuri inabaki kwenye karatasi na mtoto anabaki kasho.

Hata miji mikubwa ilianza hivi

Mwaka 1841, huko Boston, Marekani, fundi viatu mmoja jina lake John Augustus alisimama mahakamani akamdhamini mlevi asiyemjua. Hakuwa mwanasheria. Baadaye aliwadhamini wengi, na watoto pia. Mwaka 1899 mji wa Chicago ulifungua mahakama ya watoto. Sheria yake iliruhusu waangalizi, lakini ilikataza walipwe na hazina ya serikali. Vyama vya wamama ndivyo vilivyochanga mishahara yao. Leo miji kama hiyo ina ofisi kubwa zenye wakubwa na wafanyakazi wengi, lakini mwanzo wake ulikuwa mtu mmoja kusema: nitamwangalia huyu.

Tunajua uchungu wa watu wetu

Makobola haiwezi kuambiwa kwamba kosa ni jambo dogo. Kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 watu wetu kwa mamia waliuawa hapa. Tunajua ubaya wa kukosa haki. Lakini mtoto anayepigwa na kundi la watu, au anayefundishwa wizi na wakubwa ndani ya kasho, hajaletewa haki. Na akitoka pale bila mtu wa kumpokea, wako watu porini wenye bunduki wanaopokea vijana bila kuuliza maswali.

Kumpokea si kuficha kosa. Mwenye wavu naye amepoteza chakula cha watoto wake. Sheria inafungua njia ya upatanisho kati ya mtoto na aliyekosewa, na hapo kanisa linaweza kusaidia kulipa, kama Paulo alivyojitolea kulipa deni la Onesimo kwa Filemoni. Lakini kosa zito kama kubaka lisimalizwe kwa mbuzi kati ya jamaa mbili. Lipelekwe kwa hakimu.

Tufanye nini

Kila parokia ichague jamaa mbili au tatu zenye sifa njema na kuwajulisha wafanyakazi wa kijamii majina yao. Jamaa isipokee mtoto kwa siri, bali kwa ruhusa ya hakimu. Mtoto asigeuzwe mtumishi wa nyumbani; aende shule au ajifunze ufundi. Mashemasi wamtembelee, pia wazazi wake, kwa sababu huko ndiko atakakorudi.

Yule kijana wa wavu hatukumwona tena. Hatujui alikwenda wapi. Lakini sasa majina ya jamaa tatu yameandikwa katika daftari la kanisa letu, na la kwanza ni la nyumba ya mchungaji.

Neema ya Bwana iwe nanyi.