Kubadili na Kusawazisha Tairi la Pikipiki ya Chama



Mwaka mmoja nilikwenda kukagua hesabu za chama cha msingi kimoja cha mlimani, huku kwetu Uluguru. Katika faili la hati za malipo nilikuta stakabadhi tatu za tairi la nyuma la pikipiki, zote za mwaka huo huo, pamoja na tyubu saba. Pikipiki ya chama ilikuwa moja tu. Baadhi ya wajumbe wa bodi walikwisha kunong'ona kwamba katibu anauza matairi ya chama mjini, nami nakiri kwamba nilikwisha kuandika hoja ya ukaguzi kwa penseli.

Katibu hakubishana nami. Aliniomba tuingie ghalani, na humo akanionyesha matairi matatu mabovu yametundikwa ukutani na tyubu zote saba ndani ya gunia. Hapakuibwa kitu. Kila tairi lilikuwa limelika mahali pamoja, kiasi cha upana wa kiganja, hali sehemu nyingine zote zilikuwa bado na meno mazuri. Ndugu huyu alikuwa akifunga matairi kwa mikono yake ili kukipunguzia chama gharama ya fundi, ila hakuna aliyepata kumfundisha. Hoja niliifuta, na jioni ile tukalifungua gurudumu pamoja. Tangu hapo makatibu wengi wamekuwa wakiniuliza jambo hili, hata nyumbani kwangu hapa Mafiga, ndiyo maana naliandika.

Tuanze dukani. Ubavuni mwa tairi mna namba, kwa mfano 3.00-18. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya pili ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Matairi mengine huandikwa 90/90-18: upana ni milimita 90, na kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo. Tazama pia tarakimu nne zilizo peke yake ndani ya kijiduara kirefu, mathalani 2319. Maana yake ni kwamba tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Na tairi lililochongwa meno upya kwa kisu lisinunuliwe kwa fedha za wanachama kwa bei yoyote ile.

Kabla ya kulifungua gurudumu la nyuma, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati mahali palipo sawa, na uandike kwenye karatasi mahali alama za kukazia mnyororo zilipo upande wa kulia na wa kushoto. Legeza ufito wa breki, kisha nati ya ekseli, usukume gurudumu mbele, uvue mnyororo, ndipo uchomoe ekseli. Vipande vidogo vya chuma vinavyokaa kati ya gurudumu na chesisi vipange chini kwa taratibu ile ile vilivyotoka. Nimeona zaidi ya mara moja kimoja kikibaki mchangani na pikipiki ikiendeshwa bila hicho.

Gurudumu lisilazwe juu ya sakafu tupu, kwani kitovu na meno ya mnyororo vitaumia. Lilaze juu ya tairi kuukuu au juu ya mafiga matatu, jambo ambalo sisi wa kata hii hatuwezi kusema hatuna. Toa upepo wote kwa kufungua kijiti cha ndani ya valvu. Panda juu ya ubavu wa tairi kwa visigino, polepole, ukizunguka, mpaka ukingo wake uachane na ringi pande zote mbili. Paka maji ya sabuni. Ingiza chuma cha kwanza karibu na valvu, na huku upande wa pili ukiukanyaga ukingo uingie katika bonde la katikati ya ringi. Hapa ndipo siri ya kazi yote ilipo. Ukingo wa tairi una waya ndani yake wala haunyumbuki. Nafasi ya kuuvusha upande mmoja hupatikana tu ikiwa upande wa pili umezama bondeni. Asiyelijua hili hutumia nguvu, na nguvu huikata tyubu. Bisibisi zisitumike kabisa.

Tairi likitoka, pitisha mkono ndani yake kwa uangalifu kutafuta mwiba au msumari uliotoboa. Tazama utepe wa mpira unaofunika vichwa vya njiti; ukiwa umekatika, njiti zitaitoboa tyubu mpya kama zilivyoitoboa ya zamani.

Katika kufunga, angalia mshale ulioko ubavuni: huonyesha upande wa kuzungukia. Matairi mengi yana doa la rangi pia, ambalo ni sehemu nyepesi ya tairi, nalo hukaa penye valvu. Ingiza ukingo wa kwanza, kisha tyubu iliyotiwa upepo kidogo tu, kiasi cha kupata umbo ili isijikunje wala kubanwa na chuma. Ukingo wa pili uanzie mbali na valvu na umalizikie kwenye valvu, ukiisukuma valvu ndani kidogo mwishoni ili tyubu isinaswe chini ya ukingo.

Kosa la ndugu yetu lilikuwa baada ya hapo. Alikuwa akijaza upepo mara moja na kuondoka. Ubavuni, karibu na ringi, mna mstari mwembamba unaolizunguka tairi. Mstari huo sharti uwe umbali ule ule kutoka kwenye ringi mzunguko mzima. Ukizama mahali, tairi halijakaa: toa upepo, paka sabuni tena, jaza tena. Tairi lake lilikuwa na nundu kwa kuwa halikukaa, na nundu ndiyo iliyolika. Tyubu nazo zilikwisha kwa sababu alijaza kwa kukisia kwa kidole. Upepo ukiwa mdogo, jiwe huibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa mahali pawili kwa mpigo. Pikipiki nyingi ndogo huhitaji ratili 25 hivi kwa inchi ya mraba mbele, na 28 hadi 32 nyuma kulingana na mzigo. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kifuatwe, na kipimo cha upepo chama kinunue.

Sasa kusawazisha. Gurudumu likiwa bila mnyororo na bila breki, lipitishe kwenye ekseli na uiegemeze ekseli juu ya stuli mbili. Zungusha kidogo, uache lisimame lenyewe. Rudia mara tatu. Likisimama mahali pale pale kila mara, sehemu iliyo chini ni nzito. Zungushia waya wa risasi, ule wa mafundi redio, kwenye njiti iliyo juu kabisa, karibu na ringi, gramu chache chache, mpaka gurudumu lisimame popote unapoliachia. Kisha funga waya kwa utepe usichomoke.

Kwa maoni yangu, katibu anayepanda na kushuka njia za Kinole au Mgeta kwa mwendo wa taratibu hataona tofauti kubwa. Anayeshika barabara kuu ya lami ya Dar es Salaam au Iringa ataiona katika usukani, na kwake gurudumu la mbele ndilo la kwanza kushughulikiwa. Hata hivyo risasi hainyooshi ringi iliyopinda. Shika kipande cha chaki karibu na ringi inayozunguka. Ikigusa mahali na kuacha mahali, mpelekee fundi wa njiti kwanza. Matairi yasiyotumia tyubu mpelekee fundi vilevile, maana pampu ya mkono kwa kawaida haitoshi kuyakalisha.

Unaporudisha gurudumu, linganisha alama za mnyororo pande zote mbili, acha mnyororo ucheze kama kitabu kisemavyo, kaza nati, weka pini yake, jaribu breki kabla ya kupanda. Baada ya safari ya kwanza kaza tena na upime upepo.

Mwisho, katika daftari la mali andika tarehe, namba ya tairi, zile tarakimu nne, na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Tairi kuukuu likae ghalani mpaka mkaguzi alione na bodi iamue kwa muhtasari litolewe. Katibu yule hakuwa na daftari la namna hiyo. Alikuwa na ukuta wa ghala na gunia.