Muhogo ukikosa mvua, sumu yake huongezeka: Hii ndiyo sababu

Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Ukame wa namna hiyo ukipiga mashamba ya Bagamoyo, mahindi ndiyo hunyauka kwanza. Muhogo hubaki umesimama, na ndio unaobeba familia.

Lakini kuna jambo la kujua kabla hujabandika sufuria: muhogo uliopitia ukame unaweza kuwa na sumu nyingi kuliko wa msimu wa mvua, hata kama ni mbegu ileile na shamba lilelile.

Muhogo unavumiliaje jua?

Udongo ukikauka, mmea hutengeneza kwa wingi homoni iitwayo asidi ya absisiki. Kwenye majani kuna vitundu vidogo vya hewa, kila kimoja kikilindwa na seli mbili. Homoni ikifika hapo, madini ya potasiamu hutoka ndani ya seli hizo, maji nayo huyafuata. Seli hulegea, kitundu kinafungwa, na mmea unaacha kupoteza maji.

Muhogo hufunga vitundu mapema, kisha hupukutisha majani na kuishi kwa wanga uliohifadhiwa. Ila hakuna cha bure: hewa ya ukaa nayo haiingii, kwa hiyo mizizi haineni.

Sumu inatoka wapi?

Majani ya muhogo hutengeneza kemikali iitwayo linamarini, ambayo husafirishwa hadi kwenye mizizi. Pembeni yake, kwenye kuta za seli, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Ukiutafuna, ukiukuna au ukiutwanga, vinakutana na sianidi inatoka. Ni silaha ya mmea dhidi ya wanaoula.

Wakati wa ukame, linamarini kwenye mizizi hupanda. Ndiyo maana hata muhogo mtamu unaweza kugeuka mchungu.

Yaliyotokea Tarime

Mwaka 1985, eneo la Tarime mkoani Mara lilikumbwa na ukame. Njaa ikafanya watu wafupishe maandalizi: muhogo mchungu ulianikwa, ukatwangwa na kuanikwa tena, yote ndani ya siku moja. Watafiti walikuta watu 39 ambao miguu yao ilikakamaa ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na ulemavu wake ni wa kudumu.

Wanaoathirika zaidi ni watoto na akina mama, hasa mlo ukiwa muhogo mtupu. Mwili huhitaji salfa kutoka kwenye protini ili kuivunja nguvu sianidi.

Ufanye nini?

• Muhogo mchungu menya, loweka siku tatu hadi nne mpaka ulainike, ndipo uanike. Kuukata na kuuanika tu makopa hakutoshi.

• Una wasiwasi na unga? Changanya na maji, tandaza tabaka jembamba, acha saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi itatoka na hewa. Songa bada siku hiyohiyo.

• Kisamvu twanga vizuri, kisha chemsha bila kufunika. Kule kutwanga si kulainisha tu: ndiko kunakokutanisha kimeng'enya na linamarini, sumu ikatoka kabla ya kufika sahanini.

• Muhogo mtamu menya na uchemshe, maji yake mwaga. Ukionja ni mchungu, usiule hivyohivyo wala usimpe mtoto.

• Ongeza dagaa, kunde au maharage.

Mtu akila muhogo kisha akapata kizunguzungu, kutapika na kuhema kwa shida, mkimbizeni hospitali.

Shida ni kwamba ukame unaoongeza sumu ndio huohuo unaoleta njaa, na mwenye njaa hana subira. Kiangazi kikikaza, zile siku tatu za kuloweka ndizo za kulinda kuliko wakati mwingine wowote.