Kuotesha na Kutenga: Istilahi Mbili za Maabara ya Bakteria

Makala hii inakusudia kufafanua vitenzi viwili ambavyo aghalabu huchukuliwa kuwa na maana moja: kuotesha na kutenga. Mfano wetu ni kipindupindu, maradhi yaliyolipuka Kinondoni mwezi Agosti 2015, kisha yakaenea Temeke, Ilala na mikoa mingine.

Kuotesha ni neno la mkulima. Hata hivyo, mkulima huijua mbegu yake. Mtaalamu wa maabara hupokea kinyesi chenye bakteria wa aina nyingi. Kwa hiyo, sampuli hutiwa kwanza katika maji ya peptoni yenye ualkali wa pH 8.6, katika joto la nyuzi 37, kwa saa 6 hadi 8. Vibrio cholerae huustahimili ualkali huo, huzaana upesi kuliko wenziwe, na hukusanyika karibu na uso wa maji. Hadi hapa bakteria wameoteshwa, bado hawajatengwa.

Kutenga huanza pale kitanzi cha waya, kilichounguzwa motoni na kupozwa, kinapochota maji ya juu na kuchora mistari katika sahani ya aga, yaani rojo lililoganda litokanalo na mwani. Kila awamu ya mistari hupunguza idadi yao, hata bakteria mmoja mmoja abaki peke yake. Baada ya saa 18 hadi 24, uzao wake huonekana kwa macho: ndiyo koloni. Aga ya TCBS ina chumvi za nyongo zinazozuia bakteria wengi wa utumbo, na ina sukari. Vibrio cholerae anapoichachua, rangi ya kijani hugeuka manjano.

Lakini manjano si hukumu, kwani wapo vibrio wengine watoao rangi hiyohiyo. Koloni moja huoteshwa upya katika aga isiyo na vizuizi, ndipo hupimwa kwa seramu ya O1.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mgonjwa hunyweshwa maji ya chumvi na sukari mara moja, pasipo kusubiri majibu. Bali antibiotiki ikijaribiwa juu ya mchanganyiko, matokeo yaweza kuwa ya bakteria asiyehusika. Anayeandika "wameota" mahali pa "wametengwa" humpa daktari hakika ambayo maabara haijaipata.