Mwanafunzi, Tanuru la Matofali na Mitihani ya Marudio

Huenda nyumbani kwako yupo kijana ambaye taa ya chumba chake huwaka hadi saa nane za usiku kila mitihani inapokaribia. Upitapo mlangoni ukauona mwanga ule, moyo wako hufurahi, ukasema kimoyomoyo, "Huyu mtoto ana bidii." Nakusihi usifurahi upesi. Mimi nilikuwa kijana wa taa ya namna hiyo, na ninajua vema iligharimu nini.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilishindwa masomo mawili. Moja, nami nalitaja kwa haya, lilikuwa misingi ya usimamizi wa miradi. Yaani nilikosa kupanga muda wa kusoma somo linalofundisha watu kupanga muda. Karo ya mwaka ule mama aliipata kwa kuuza nusu ya shamba la miti huko Njombe, miti aliyoipanda pamoja na marehemu baba. Nilipompigia simu kumweleza yaliyonipata hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, hiyo mitihani ya kurudia nayo inalipiwa?" Swali hilo lilinichoma kuliko karipio lolote.

Nikarudi nyumbani likizo nikiwa na kazi mbili: kujitayarisha kwa mitihani ya marudio, ambayo ingefanyika wiki ya pili ya Septemba, na kusimamia ujenzi wa nyumba ya mama, nyumba ya matofali ya kuchoma, ambayo ilibidi ipauliwe kabla mvua hazijaanza. Hapo ndipo daftari langu, ambalo chuoni nililikariri kama kasuku, lilipoanza kunisemesha.

Jambo la kwanza ni kuivunja kazi. Ukisema "tunajenga nyumba" hujasema kitu ambacho mtu anaweza kuamka asubuhi akakifanya. Nikaketi na fundi mwashi chini ya mparachichi, tukaandika: kufyatua matofali, siku 10, kuyakausha, siku 14, kupanga tanuru na kuchoma, siku 6, kuacha lipoe, siku 5. Kwa upande mwingine, kuchimba msingi, siku 4. Kukusanya mawe, siku 7. Kujenga msingi, siku 8. Fremu za milango na madirisha kwa seremala, siku 21. Kisha kuta, siku 12, na kupaua, siku 6.

Fundi alitaka tuanze na msingi, na watu wote wa nyumbani wakamuunga mkono, kwa kuwa msingi huonekana na majirani. Lakini tazama hesabu yenyewe. Matofali yanataka siku 35 kabla ya kuwa tayari. Msingi unataka 19 tu. Kuta haziwezi kuanza mpaka vyote viwili viwepo. Kwa hiyo hata tungekesha tukiujenga msingi kwa taa ya karabai, nyumba isingekwisha mapema hata kwa siku moja, ilhali kila siku iliyopotea kwenye matofali ilikuwa siku iliyopotea kwenye nyumba nzima. Mfuatano ule mrefu, yaani matofali, kuta, kisha paa, jumla siku 53, ndio unaoamua mwisho wa kazi. Wahandisi wa kampuni ya DuPont ya Marekani na wenzao waliibuni njia hii ya kuhesabu mwaka 1957, na mwaka uliofuata Jeshi la Majini la nchi hiyo likaunda njia inayofanana nayo kwa mradi wake wa makombora ya Polaris. Kuchora kazi kwa mistari juu ya kalenda ni jambo la zamani zaidi; Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1919, ndiye aliyeupa mchoro huo jina lake.

Basi nikachora mistari yetu kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani jikoni. Na pembeni, kwa wino mwekundu, nikachora mistari ya masomo yangu. Hapo nikaona aibu yangu yote. Chuoni nilikuwa nimeandika neno moja tu, "kusoma", kama vile mtu aandike "kujenga" kisha angoje nyumba. Tena nilianza na mada nilizozipenda, ambazo tayari nilizijua, ule msingi wa kuonekana na majirani, huku hesabu za makadirio, ambazo mada nyingine nne zilizitegemea, nikiziacha hadi usiku wa mwisho.

Kuhusu usiku huo wa mwisho, yupo mwanachuoni wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimpa faida sawa na marudio 68 yaliyofanywa kwa siku moja. Hebu pima tofauti hiyo, mzazi unayeifurahia taa! Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Waliozisoma mara nne, baada ya wiki moja walikumbuka kiasi cha asilimia 40. Waliosoma mara moja kisha wakajipima mara tatu bila kuzitazama, walikumbuka asilimia 61. Mimi niliifanya alfajiri kuwa saa ya kujipima: nafunga daftari, naandika ninachokumbuka nyuma ya karatasi kuukuu, halafu ndipo nafungua nione nilipokosea. Ni zoezi chungu. Kusoma tena na tena ni kutamu kwa sababu macho yanayatambua maneno, nasi tukadhani kutambua ndiko kujua.

Usidhani lakini kwamba mambo yalikwenda kama mchoro. Mwenye kuni alituahidi Jumatatu, akaja Alhamisi ya wiki ya pili. Zile siku 53 zikawa 71. Nilifadhaika, mpaka nilipokumbuka habari ya wanafunzi wa Kanada, iliyochapishwa mwaka 1994, ambao walikisia kwamba wangemaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 34, wakatumia zaidi ya 55. Hata walipoambiwa wakisie kwa kudhani kila kitu kitakwenda mrama, walisema kiasi cha siku 49. Jumba la muziki la Sydney, lililoanza kujengwa mwaka 1959, lilitarajiwa kukamilika mwaka 1963. Likafunguliwa mwaka 1973. Sisi na kuni zetu hatukuwa wa kwanza.

Lipo jambo jingine ambalo daftari halikunifundisha. Mistari ile myekundu ilipobandikwa jikoni, dada zangu waliacha kunituma dukani saa za kusoma, nami sikuweza tena kukwepa kuchota maji saa zisizo za kusoma, kwa maana zilionekana. Awali walidhani kila nikaapo na kitabu ninakwepa kazi. Nadhani mara nyingine walikuwa na haki.

Masomo yote mawili nilifaulu, moja kwa alama nzuri, jingine kwa kuponea chupuchupu. Bati la mwisho lilipigiliwa tarehe 10 Oktoba, kabla ya mvua. Siku nilipofunga sanduku kurudi chuoni nilitaka kuubandua ule mchoro, mama akanizuia. Kumbe chini ya mistari yangu alikuwa ameongeza wa kwake kwa mkaa: kupanda maharage, kuuza maharage, na mbele yake, mwezi ambao karo yangu ya mwaka wa pili ingetakiwa.