JINSI SAUTI YA MZEE INAVYOINGIZWA KATIKA KOMPYUTA
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu, hapana shaka wengi wenu mmepata kuwaona wanafunzi wa vyuo vikuu wakija Mbulu na Hanang kufanya utafiti. Wengine hupima udongo, wengine huuliza habari za mifugo, na wengine huja na vyombo vya kunasia sauti wakitaka wazee waseme tu. Hawa wa mwisho watu huwacheka. Kijijini kwetu, karibu na Dongobesh, nilimsikia mama mmoja akisema, "Amesoma mpaka amemaliza vitabu, na sasa anakuja kutuuliza ng'ombe anaitwaje!" Mimi nami nilicheka. Leo nataka kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kwa nini sicheki tena. Likizo ya Desemba nilimsaidia mmoja wao kwa muda wa majuma matatu. Alikuwa dada mmoja mwenyeji wa Tanga, anayesomea shahada ya pili.

Kwanza niseme juu ya lugha zetu, kwa kuwa ndizo zinazowaleta wageni hao. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Kidatooga ni lugha ya Kiniloti, na jamaa zake ni Kimaasai na Kikalenjin. Kinyiramba na Kiswahili ni lugha za Kibantu. Kihadza, kinachosemwa katika bonde la Yaeda, kina sauti za vidoko, na wataalamu hawajakubaliana kwamba kina ndugu yeyote. Ni mahali pachache sana duniani ambapo mtu aweza kukutana na lugha zilizoachana hivyo kwa safari ya siku moja. Kwetu nyumbani hata safari haihitajiwi, maana baba ni Mwiraqw na mama ni Mdatooga wa upande wa Basotu, Wilaya ya Hanang.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1958 W. H. Whiteley, yule aliyejulikana sana kwa kuchunguza Kiswahili, alitoa kitabu kifupi juu ya Kiiraqw. Maarten Mous aliandika sarufi ya Kiiraqw kwa ajili ya shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, na ikatolewa kuwa kitabu mwaka 1993. Mwaka 2002 ilitoka kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza, kazi ya huyo Mous pamoja na Roland Kiessling na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2018 Andrew Harvey alimaliza masomo ya udaktari huko London kwa kuandika juu ya Kigorwaa, lugha ya jirani zetu wa Babati, iliyo karibu sana na Kiiraqw.

Mwingine ni Alice Mitchell, ambaye shahada yake ya mwaka 2015 katika chuo kikuu cha Buffalo, Marekani, ilihusu desturi ya wanawake wa Kidatooga. Mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake wala la wakwe wengine wakubwa. Tena si jina tu. Hata neno la kawaida linalofanana na jina hilo huliacha, akatumia lingine. Niliposikia habari hizo nilishtuka. Bibi mzaa mama, nikimtembelea Basotu, husema maneno ambayo mama hayatumii, nami nilidhani ni uzee tu. Kumbe bibi alikuwa akiwaheshimu wakwe zake, ambao baadhi yao wamekufa kabla sijazaliwa. Nimekula ugali wake miaka yote hiyo, na jambo hili nimelijua kwa sababu mtu aliyetoka mbali aliuliza.

Sasa nieleze jinsi sauti inavyonaswa. Mtu akisema, hewa hutetemeka. Ndani ya maikrofoni kuna utando mwembamba ambao hutetemeka pamoja na hewa hiyo, na mtetemo huo hugeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kompyuta haijui umeme unaopanda na kushuka, yajua nambari. Kwa hiyo kipo chombo kinachoupima umeme huo mara nyingi sana na kuandika kila kipimo. Katika sahani za muziki hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu sikio la kijana husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde, na ili mtetemo usipotee hapana budi upimwe zaidi ya mara mbili kila unapotetemeka. Kila kipimo huandikwa kwa ngazi moja katika ngazi 65,536. Mwalimu wetu wa hesabu akitaka, na atupe zoezi: sauti ya njia mbili kwa dakika moja tu huchukua baiti zaidi ya milioni 10.

Nafasi hiyo ni kubwa, na hapa ndipo hasara inapoingia. Simu zetu, zikitaka kutuma sauti kwa upesi, huipunguza. Huacha yale ambayo hufikiri kwamba sikio halitayakosa, hasa mitetemo ya juu. Kwa mtu anayesema "Nimefika salama" haidhuru. Lakini sauti kama *s*, *f*, na *sl* ya Kiiraqw hujulikana kwa mitetemo hiyo hiyo ya juu. Ikikatwa, zote huwa kama upepo mmoja. Ndiyo sababu yule dada alibeba kinasa sauti chake na maikrofoni ya pekee, wala hakutumia simu.

Baada ya kunasa, sauti hutazamwa. Nasema hutazamwa, wala sikukosea. Iko programu iitwayo Praat, iliyotengenezwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink, ambayo huchora picha ya sauti. Wakati huenda kutoka kushoto hadi kulia. Mitetemo ya chini huwa chini na ya juu huwa juu. Na palipo na nguvu pana weusi. Niliona *s* ikiwa wingu jeusi juu, na vokali zikiwa mistari iliyolala. Programu nyingine, ELAN, ya Nijmegen huko Uholanzi, huweka maandishi chini ya sauti: mstari wa kwanza Kiiraqw, wa pili maana ya kila neno, wa tatu Kiswahili. Ukibonyeza neno, mzee hulitamka. Programu zote mbili hutolewa bure.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuandika. Kiiraqw kina sauti ambazo alfabeti ya Kiswahili haina. *Sl* hutamkwa kwa kupitisha hewa kandoni mwa ulimi, kama katika *slee*, yaani ng'ombe. *Tl* hufanana nayo, lakini hutoka kwa kishindo. *Hh* hutoka kooni, kama katika *hhawata*, mwanamume. Tena iko sauti inayofanana na herufi *ain* ya Kiarabu, ambayo sisi huiandika kwa mkwaju, yaani alama hii: /. Mwanamke ni */ameeni*. Yule dada alikuwa amesoma chuoni Tanga, basi sauti hiyo aliitamka vizuri hata wazee wakapiga makofi. Lakini *tl* ilimshinda majuma yote matatu, na watoto walimfuata njiani wakimfundisha.

Siku moja aliniambia nihifadhi faili la sauti kwa jina la neno lenyewe. Nikaandika */ameeni*. Kompyuta ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena. Nilidhani nimeiharibu. Dada akacheka, akanieleza kwamba kompyuta hutumia mkwaju kutenganisha makabati: faili liko ndani ya kabati fulani, ambalo limo ndani ya lingine. Kwa hiyo hairuhusu alama hiyo ndani ya jina. Waliotengeneza kompyuta hawakuwa na nia mbaya. Hawakujua tu kwamba iko lugha ambayo katika lugha hiyo mkwaju ni herufi. Nilifikiri sana juu ya jambo hilo. Kama hatumo chumbani wakati vitu vinapoundwa, hakuna atakayetukumbuka. Dawa yake ni kulipa faili jina la nambari na tarehe, kisha kuandika katika daftari nambari hiyo ni ya neno gani, nani alisema, wapi na lini.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Wairaqw wana maneno ya baraka yaitwayo *slufay*. Mzee husimama mbele za watu, akaomba mvua, afya, mifugo na amani kwa maneno yaliyopangwa vizuri sana, na watu wote humwitikia kwa pamoja. Babu yangu alisifiwa kwa kazi hiyo. Nilipokuwa Kidato cha Pili, siku ya kubariki nyumba mpya ya baba mdogo, nilimnasa kwa simu ya baba. Ilikuwa dakika 23. Miezi michache baadaye simu ilijaa. Nilitaka nafasi ya kuweka mechi za mpira, nikafuta yaliyokuwamo, na baraka ya babu ikiwa mojawapo. Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni, "Babu yupo, nitamnasa tena." Mwaka uliofuata babu alifariki nikiwa hapa shuleni.

Nilimweleza dada habari hizo kwa aibu. Akaniuliza kama kuna mtu niliyemtumia. Nikakumbuka shangazi aliye Arusha. Tulimpigia, akatafuta, akaona kipande cha dakika 1 na sekunde 40. Kilipofunguliwa katika Praat, sehemu yote ya juu ya picha ilikuwa nyeupe tupu. Simu ilikuwa imekata. Maneno mengine hatukuweza kuyatambua. Basi tulimwendea mzee mmoja, rafiki wa babu, ambaye siku zote ndiye aliyeongoza kuitikia. Nikamwamkia, tukampa sauti aisikilize. Alinyamaza, kisha pale pale palipostahili akaitikia kwa sauti kubwa, kana kwamba babu yu mbele yake. Alitusaidia kujaza maneno manane. Tukamwomba aendelee na yale yaliyofuata. Akasema, "Mjukuu wangu, mimi ni wa kuitikia. Aliyekuwa akisema ni babu yako."

Yalibaki maswali ya ruhusa. Kuna hifadhi kubwa ya sauti za lugha zinazopotea, iitwayo ELAR, iliyokuwa London na tangu mwaka 2021 iko Berlin. Humo zimo sauti za Kigorwaa alizokusanya Harvey. Mtu anayeweka sauti humo aweza kusema nani aisikie. Dada hakutaka kupeleka kipande cha babu mahali popote kabla ya ukoo kukubali. Tulikutana nyumbani. Baba mdogo alisema kisikiwe na kila mtu, ili Wairaqw wajulikane. Bibi alikataa. Alisema baraka ile iliombewa nyumba moja na watu wake, si ya kuchezewa na watu wasiojua kuitikia. Baada ya mazungumzo marefu tulikubaliana kwamba maneno yaliyoandikwa yaweza kusomwa na wanafunzi, lakini sauti yenyewe isifunguliwe ila kwa idhini ya ukoo. Dada aliandika hivyo katika daftari lake, bibi akaweka dole gumba. Mimi kwanza nilikuwa upande wa baba mdogo. Sasa naona bibi alikuwa na haki.

Yako pia malalamiko ambayo ni ya kweli. Vitabu vingi nilivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza, na wazee waliosema hawawezi kuvisoma. Lakini dawa yake si kuwafukuza wanaouliza. Dawa ni kwamba sisi wenyewe tusome kompyuta, elektroniki, uchoraji na lugha, ili siku moja wauliza maswali watoke Mbulu na Hanang, na majibu yarudi huko huko.

Kabla ya likizo ijayo nawaomba wenzangu mambo haya manne. Kwanza, ombeni ruhusa kabla ya kunasa. Pili, simu iwe karibu na mdomo wa msemaji, mbali na upepo na redio. Tatu, semeni mwanzoni jina la msemaji, mahali na tarehe. Nne, sauti iwekwe mahali pawili tofauti siku ile ile, wala msitegemee kipande kilichotumwa kwa simu.

Wazazi wapendwa, mtoto akiwaombeni mseme mbele ya simu, msimcheke. Nasi wanafunzi tusiseme kama nilivyosema mimi, "Mzee yupo, nitamnasa tena." Rafiki wa babu yu hai bado, na sauti yake ya kuitikia tumeinasa vizuri, mitetemo yote. Anayekosekana ni wa kusema. Nimeanza kujifunza yale maneno machache tuliyoyaokoa, na likizo ijayo nitakwenda kwake nijaribu, ili aone kama anaweza kuniitikia.